Mafuta kwa Jina la Marehemu

Nawaandikia kina mama wenzangu ambao watoto wao wanaendesha gari, pikipiki au chochote kinachokunywa mafuta. Shule niliishia ya msingi, kwa hiyo mkikuta mahali nimeboronga, nisameheni, shikeni kilichomo. Kama pale mnapojazia mafuta wamekaa mabinti chini ya mwavuli, wanatoa punguzo kwa kila anayeuliza bei ya bima, mwambieni mtoto asitaje jina la mtu aliyezikwa. Akitaka ataje lenu. La aliyelala, hapana.

Mimi ni mshonaji. Nashona sare za shule kibarazani kwangu, cherehani inatazama uani, kwa hiyo anayeingia na anayetoka namwona. Mwanangu wa pekee anakodisha viti na maturubai kwa wenye harusi, misiba na mikutano. Gari analobebea ni lile aliloachiwa na baba yake, pikapu ya zamani ambayo komeo la mlango wa nyuma halibani vizuri, likitembea linagonga, ka, ka, ka, ukiwa jikoni unajua linarudi. Baba yake alifariki mwaka juzi kwa ugonjwa wa kifua, kitandani hospitali, mimi nimemshika mguu. Hakufa barabarani. Nasema mapema msije mkadhani gari lina mkosi.

Ofa yenyewe ilikuwa hivi. Unaingia kituoni, binti mwenye kizibao cha kung'aa anakuja na simu pana kama sinia. Anakuuliza jina na namba ya simu, gari la aina gani, anayeendesha ni nani, gari linalala wapi. Muda si mrefu inakuja meseji yenye bei ya bima ambayo ungelipa kama ungekata kwao. Hulazimishwi kukata. Chini ya meseji kuna namba, unamwonyesha dada wa pampu, naye anakupunguzia mafuta. Sharti ni moja tu, jina likishatumika limetumika.

Basi wenye magari wakaanza kumaliza majina ya koo zao. Mtu anakaa foleni huku anampigia shangazi yake kuuliza jina lake kamili. Mwanangu alianza na lake, akaja la mkewe, akaja langu.

"Mama," akaniambia akicheka, "wewe bima yako ghali kuliko yangu."

"Mimi hata baiskeli sijui."

"Ndiyo maana. Wamekuogopa."

Tulicheka, sikatai. Mkwe wangu akasema bado kidogo atawakatia bima na kuku. Siku majina yalipokwisha, mwanangu akaja kufungua droo ya kabati langu, akatoa laini ya simu ya baba yake. Nilikuwa nimeihifadhi pamoja na miwani yake. Nikamuuliza anaipeleka wapi.

"Nataka punguzo tu, mama. Baba mwenyewe angekuwepo angenipa jina mara mbili. Alivyokuwa anapenda cha rahisi."

Hapo alisema kweli, mume wangu alikuwa anaweza kuzunguka mji mzima kutafuta msumari wa bei nafuu. Nikamwachia. Akaitia ile laini kwenye simu yake ya pili, ile ndogo ya vitufe, akaondoka.

Alirudi amefurahi. Jina la baba yake lilikuja na punguzo kubwa kuliko yote, na meseji ilisema, "Karibu tena, dereva mkuu." Wiki iliyofuata akajaribu jina lilelile, kwa utani, akijua litakataliwa. Halikukataliwa. Akajaribu tena, likapita tena. Wenzake walimwonea wivu. Tangu hapo hakuhangaika na majina ya watu wengine, gari likawa linakunywa mafuta ya marehemu.

Halafu watu wa bima wakapiga simu. Ilikuwa mchana, mwanangu anakula hapo kibarazani, mimi nina pini mdomoni nakunja pindo la sketi. Ile simu ndogo ikaita, akaiweka sauti ya nje ili aendelee kula. Sauti ya dada mmoja mpole sana, kama wale wa hospitali wanaokuambia subiri.

"Tunathibitisha makadirio yenu ya bima. Dereva mkuu yupo?"

Mwanangu akanikonyeza. "Yupo."

"Analala nyumbani?"

"Analala hapahapa."

"Gari linalala wapi?"

"Uani."

"Funguo anazo?"

"Anazo."

Alikuwa anakubali kila kitu kama mtu anayetaka kumaliza haraka, maana kila ndiyo ilikuwa mafuta. Yule dada akauliza, "Na wewe unayeongea, ni dereva pia?"

"Mimi? Mimi ni abiria tu," akasema, akaangua kicheko mpaka chai ikampalia.

Mkasi ukaniponyoka ukaanguka sakafuni. Sikuwa na sababu. Yule dada akasema ahsante, imeandikwa, na simu ikakatika.

Kesho yake asubuhi mwanangu aliingia kwenye gari akatoka tena. "Nani amesogeza kiti?" Kiti cha dereva kilikuwa kimerudishwa nyuma kabisa, miguu yake haifiki kwenye klachi. Akamshuku shemeji yake, yule mdogo wa mkewe ambaye huja Jumapili kuosha gari. Kioo cha kati nacho kilikuwa kimeelekezwa juu, kwa macho ya mtu mrefu. Mume wangu alikuwa mrefu, akipita mlangoni anainama. Nikaona, nikajiambia mwanamke acha ushamba, endelea na kazi zako.

Lakini kila asubuhi ikawa hivyo, na shemeji yake wala hajaja.

Kisha mkwe wangu akaanza kunitania juu ya mumewe. "Mama, umemwona mwanao siku hizi? Anashuka upande wa abiria kama bosi." Nikadhani ni utani. Siku hiyo niliacha cherehani, nikasimama kumngoja. Komeo likagonga, gari likaingia uani, likarudi kinyumenyume taratibu mpaka ukutani, likazimwa. Mlango wa upande wa abiria ukafunguka. Mwanangu akashuka, akajinyoosha kama mtu aliyetoka usingizini.

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Si mimi."

"Mbona umeshukia huku?"

Akautazama mlango, akautazama na ule wa pili. "Nimepitia tu ndani, mama. Ule mwingine unakwama." Akaondoka zake. Nikaenda kuujaribu ule mwingine. Haukukwama. Usukani ulikuwa na joto, kama kikombe ambacho mtu amekishika muda mrefu, na kiti cha abiria kilikuwa na joto pia.

Wakati huo alikuwa anasifia kazi. "Siku hizi sichoki," akasema mezani. "Napakia viti, nakaa, nashtukia nimefika." Mkewe akamwambia bora aanze kuchoka kidogo, maana nyumbani pia analala tu. Alisema kwa kucheka lakini macho yake yalikuwa kwangu. Mwanangu ni mtu wa maneno, mbishi tangu tumboni, ukimwambia kuna jua atakuambia kuna wingu. Sasa ukimwambia neno anaitikia tu. Ukimuuliza atakula nini anasema chochote. Ukimpa chumvi kupita kiasi anakula. Nilijaribu makusudi, Mungu anisamehe, na alimaliza sahani.

Kilichonitoa kibarazani ni simu ya mteja, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waliokodi viti vyetu. Alipiga kushukuru.

"Dereva wenu ana adabu," akasema. "Yule mzee mrefu. Hasemi, lakini viti vyote kashusha mwenyewe, kapanga mistari kama anapima kwa uzi. Ila huyo kijana aliyekuja naye, mmwambie aache uvivu. Alibaki kwenye gari kajiegemeza kwenye kioo, hata salamu hakuitikia. Anaumwa?"

Nikasema ndiyo, anaumwa. Nikakata simu, nikavaa viatu, nikaenda kituo cha mafuta kwa miguu.

Mabinti walikuwepo, wawili, chini ya mwavuli wao. Nikamwambia mmoja nataka kufuta makadirio. Akanitajisha jina, akatelezesha kidole kwenye ile simu pana. "Ameyafungua dereva mkuu, mama. Aje mwenyewe kuyafunga."

"Hawezi kuja. Ni marehemu."

Akanitazama vizuri, akamtazama mwenzake. Hakuwa binti mkorofi, alikuwa na haya usoni. "Pole, mama. Lakini jana alikuwa hapa. Alijaza tangi." Akamwita dada wa pampu kumshuhudia, naye akaja anafuta mikono.

"Yule mzee wa pikapu? Ndiyo, jana na juzi. Mtu mzuri, husubiri zamu yake."

"Alikuwa na nani?"

"Kulikuwa na mtu kiti cha pembeni," akasema, akakunja uso akikumbuka. "Sikumwona vizuri. Mwanzoni alikuwa anatupungia mkono. Jana nilidhani ni koti limetupwa kwenye kiti."

Sikuogopa kwa ajili ya mume wangu, nataka mnielewe. Yule nilimjua, na aliyokuwa akifanya ni yaleyale aliyoyafanya siku zote, kazi. Aliambiwa yupo, akaja. Aliambiwa funguo anazo, akazishika. Niliogopa kwa ajili ya yule aliyesema mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba yeye ni abiria tu, na sasa anakuwa koti.

Jioni ile nilichukua funguo za gari nikazizika chini ya vitambaa kwenye sanduku langu la sare, nikakaa juu ya sanduku kama kuku. Nilimwambia mwanangu kesho haendi popote. Akasema sawa. Hakubisha. Nikamsihi abishe, nikamwambia, "Sema basi mama unanionea." Akasema, "Sawa, mama."

Asubuhi nilikuwa kwenye cherehani nikashtuliwa na ukimya. Uani hapakuwa na gari. Mwanangu hakuwepo kitandani, mkewe alidhani yuko bafuni. Nikafungua sanduku, nikatoa vitambaa kimoja kimoja, na funguo zilikuwemo, palepale nilipoziweka. Siku hiyo hapakuwa na kazi yoyote ya viti, hakuna aliyekodi. Viti vyenyewe vilikuwa vimepangwa ukutani vyote. Gari limeondoka tupu.

Tulimpigia simu yake, ikaita chini ya mto wake kitandani. Mkwe wangu akakaa chini. Alikuwa hajalia bado, alikuwa anajikuna mkono palepale mpaka pakawa pekundu. Mchana ule, ile simu ndogo ya vitufe iliyokuwa jikoni ikaanza kuita. Mkwe wangu akaniletea ameishika kwa ncha za vidole.

"Tunafunga makadirio yenu leo," akasema yule dada mpole. "Tunathibitisha kwa mara ya mwisho. Dereva mkuu yupo?"

Tangu tumzike nilikuwa sijalitamka lile neno. Nilikuwa nasema ametangulia, amepumzika, hatunaye. Nikasema, "Amekufa."

"Pole, mama. Tumwondoe?"

"Mwondoeni."

"Sawa. Kwenye gari kuna dereva mmoja na abiria mmoja. Tukimwondoa dereva, abiria atabaki peke yake, na gari liko kwenye mwendo."

"Mmejuaje liko kwenye mwendo?"

"Tunalisikia, mama."

Na mimi nikasikia. Ndani ya simu, nyuma ya sauti yake, injini inavuta, upepo, na lile komeo, ka, ka, ka. Linakwenda kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia.

"Linakwenda wapi?"

"Dereva hajasema."

"Mwambieni abiria ashuke."

"Abiria amelala."

"Basi mwandikeni yeye awe dereva. Ni gari lake, leseni anayo."

"Abiria alishakataa. Tunayo sauti yake." Na akanisikilizisha. Mwanangu mwenyewe, "Mimi? Mimi ni abiria tu," na kile kicheko chake, na chai ikimpalia, na mkasi wangu ukianguka sakafuni. Mkwe wangu aliposikia kicheko kile ndipo alipolia.

"Kuna dereva mwingine wa kuandika?" akauliza yule dada. Hakuwa na haraka yoyote.

Mkwe wangu alikuwa na mimba, hata sikumtazama. "Niandikeni mimi."

"Una leseni, mama?"

"Sina."

"Unajua kuendesha?"

"Nitajifunza."

"Hilo halimo kwenye majibu. Ni ndiyo au hapana."

"Basi ndiyo."

"Ndiyo, mama?"

"Ndiyo."

"Imeandikwa. Tukabidhi sasa?"

Hapo ndipo kazi yangu iliponisaidia, sina jambo jingine la kujisifia. Mshonaji hachukui kitambaa cha mtu akasema sawa nitakushonea. Anauliza urefu, anauliza mkono uishie wapi, kifungo au zipu, mwisho wa yote anamsomea mteja ili asije akayaruka maneno yake. Kama ningesema ndiyo tena, sijui lile gari lingekabidhiwa likiwa wapi.

"Msikabidhi sasa," nikasema. "Andikeni ninavyosema. Gari likabidhiwe hapa uani kwangu. Likiwa limesimama. Injini imezimwa, hendibreki juu, gia haina kitu. Abiria awe ndani yake, mzima, anapumua, na ni mwanangu yuleyule. Mkishaandika nisomeeni."

Akanisomea. Aliacha lile la kupumua. Nikamwambia arudie, akaliweka.

"Kuna ujumbe kwa dereva?"

Jamani. Miaka tuliyoishi, halafu mtu anakuuliza kama kuna ujumbe, na gari linanguruma masikioni. Nilitaka kumuuliza kama kifua kimepoa. Nilitaka kumwambia mengi. Nikaona nikianza sitamaliza, na kila neno ni mwendo.

"Mwambieni ahsante," nikasema. "Mwambieni mtoto nampokea mimi. Yeye apumzike."

Yule dada hakukata. Nilikaa na simu sikioni hapo kibarazani, mkwe wangu amenishika gauni, na mle ndani ya simu nikasikia mngurumo ukishuka, gia moja, gia nyingine. Halafu sikujua tena kama komeo nalisikia kwenye simu au barabarani. Gari likaingia uani. Likarudi kinyumenyume mpaka ukutani, likazimwa. Nikasikia hendibreki ikivutwa, meno yake yakihesabika. Sikutazama upande wa usukani. Mkwe wangu alitazama, na mpaka leo hajaniambia, nami sijamuuliza.

"Gari limekabidhiwa," simu ikasema, na ikafa mkononi mwangu.

Mwanangu alikuwa kiti cha pembeni amejikunyata, baridi kama mtungi. Nikamshika mashavu, nikamwita. Akafumbua macho polepole.

"Tumefika?" akauliza.

Tulimtoa tukamlaza. Daktari alimpima kila kitu akasema damu nzuri, moyo mzuri, apumzike. Lakini hakuweza kuendesha. Ukimkalisha nyuma ya usukani mikono inalala mapajani, anaangalia mbele anangoja aondoke. Nikakumbuka nilisema kwenye simu kwamba najua kuendesha, nikajua wakipiga tena na nikawa mwongo, itakuwa ni yeye wa kulipia. Ile laini nilikwisha kuikata kwa mkasi. Hata hivyo nikaenda kwa mwalimu wa udereva. Nilikuwa mkubwa kuliko wanafunzi wote, na mwalimu alinitania kwamba nakanyaga mafuta kama pedali ya cherehani. Nililia kwenye raundabauti. Leseni niliipata.

Sasa naendesha mimi, viti nyuma, mwanangu pembeni yangu. Sijamruhusu anyamaze. Nikimwona kichwa kinaelekea kioo namuuliza swali, lolote, bei ya sukari, jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza. Mwanzoni alikuwa anajibu neno moja. Mtoto wao alipozaliwa yakawa mawili matatu.

Kile kituo kimeondoa mwavuli. Wiki iliyopita nimeuona kwenye kituo kingine, njia ya kwenda sokoni, mabinti wengine, foleni imekunja kona, na kijana mmoja mbele yangu alikuwa anauliza kwenye simu, "Eti babu alikuwa anaitwa nani kamili?" Nikashuka kwenda kumwambia. Aliniona kichaa. Ndiyo sababu naandika. Wakikupigia wakiuliza kama yupo, tamka kwamba amekufa, ulitamke neno lenyewe, gari likiwa bado limesimama. Na usikubali mtoto aseme yeye si kitu, hata kwa utani.

Siku hiyohiyo, wakati nageuza gari kutoka pale, niliingiza gia vibaya ikalia kama mbuzi. Mwanangu akageuka.

"Mama, klachi. Unaniulia gari."

"Ni gari langu, limeandikwa."

"Limeandikwa nani? Hebu shuka, nipishe niendeshe mimi."

Mikono yake ilikuwa imetoka mapajani. Nikamtazama, nikaogopa, nikamwambia bado, labda wiki ijayo. Akakasirika. Akasema namfanya mtoto, akasema kila siku wiki ijayo, akasema hata mkewe amechoka na mimi. Akanuna mpaka tunafika, amenipa mgongo, anatikisa goti. Nami nikaendesha polepole, njia nzima, nikimsikiliza anavyosonya.